ANAYEZIMA TAA ANAOGOPA NINI?



Sisi wa Kapolowe tunajua umeme unatoka wapi. Maji ya Lufira yaliyozuiwa pale Mwadingusha yanatupa samaki wa ziwa Tshangalele, tena yanazungusha mashine za umeme tangu mwaka 1930. Na giza tunalijua pia. Umeme ukikatika usiku, kila mmoja anajiuliza: nani anapita huko nje?

Sasa fikiri juu ya giza lililofanywa kwa makusudi. Tarehe 24 Aprili 1990 Raisi Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Wanafunzi wakazidi kuandamana na kudai haki. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, katika chuo kikuu cha Lubumbashi, umeme ulikatwa, wakaingia watu wenye silaha, wakawashambulia vijana. Serikali ilikubali kifo cha mtu mmoja tu. Wengine walisema makumi, wengine mamia. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa. Mpaka leo hesabu haijakubaliwa na wote.

Utawala ulibadilika, desturi ikabaki. Tarehe 31 Desemba 2017, waumini Wakatoliki waliandamana kudai mapatano ya mwaka 2016 yatimizwe na Raisi Kabila aachie madaraka. Safari hii ilikatwa intaneti pamoja na ujumbe wa simu. Watu waliuawa.

Ndugu yangu, jiulize. Mwenye kutenda haki ana haja gani ya giza? Hakimu hukata kesi mchana, mbele ya watu. Mtawala anayezima taa kabla ya kupiga amekwisha kujihukumu mwenyewe: anajua kwamba analotaka kufanya halifai kuonekana. Haogopi jiwe la kijana, maana bunduki anazo. Anaogopa shahidi.

Utasema: «Tunyamaze, tuepushe fitina.» Neno hilo lina uzito, kwa maana nchi yetu imeona damu nyingi, na anayevunja duka la jirani yake kwa jina la maandamano ni dhalimu vilevile. Lakini kunyamaza hakukuleta amani. Kumewaacha wazazi wasiojua mwana wao amelala wapi, na kumewafundisha wakubwa kwamba giza linafaa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi wajibu wetu ni upi? Ni ushahidi. Dini yetu inahesabu kuuficha kuwa dhambi ya moyo. Lakini angalia: ushahidi una masharti. Uliona watu wawili, sema wawili. Ulisikia tu, sema ulisikia. Anayegeuza wawili kuwa mia kwa hasira anamsaidia mwongo, maana kesho mwongo atamwonyesha kidole na kusema: «Mnaona? Wote ni wazushi.» Ile hesabu ya Lubumbashi ilipotea hivyo, katikati ya mmoja wa serikali na mamia ya uvumi.

Nawe askari, mtoto wetu, ukiambiwa taa izimwe kwanza, fahamu kwamba aliyekuamuru anajificha, na mkono utakaobaki na damu ni wako.

Ndugu msomaji, tuwashe taa kwa ulimi wa kweli, kuanzia nyumbani mwetu. Mola wetu haoni giza kuwa pazia.

Wassalaam.