Onyo Lililobaki Kwenye Mengineyo

Karibu kila chama chenye vikao kina mahali pa kuweka jambo ambalo watu hawataki kulijadili leo. Kwenye ajenda zetu mahali hapo panaitwa Mengineyo. Huja mwisho, chai imeshapoa na wengine wameshaanza kuaga. Nimekuwa mwenyekiti wa chama kidogo cha watengeneza batiki kwa miaka kadhaa, na nimeyapeleka huko mambo mengi. Ninaandika kwa sababu ya moja kati ya hayo, na kwa sababu ya kisa kikubwa zaidi kilichowapata watu wa kazi yetu huko Uingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ukiwa kiongozi wa chama chochote cha kazi, cha mafundi, wauguzi au wakulima, nakuomba ukisome kana kwamba ni chako.

Mwaka 1856, wakati wa likizo ya Pasaka, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa kwenye maabara ndogo nyumbani kwao, mashariki mwa London, akijaribu kutengeneza kwinini. Malaria tunayoijua sisi ilikuwa ikiwaua Waingereza waliotumwa nchi za joto, na dawa yake ilitegemea magome ya mti uliokua mbali. Kwinini hakuipata. Alibaki na mashapo meusi, na alipoyayeyusha kwa spiriti yakatoa rangi ya zambarau iliyoshika kwenye hariri na haikuchuja. Malighafi yake ilitokana na lami ya makaa ya mawe, taka ya viwanda vya gesi ambayo wakati huo haikuwa na kazi kubwa. Akachukua hataza, baba yake akatoa mtaji, na mwaka uliofuata wakafungua kiwanda huko Greenford.

Angalia Uingereza ilivyokuwa siku hiyo. Ilikuwa na makaa, ilikuwa na lami, na ilikuwa na viwanda vikubwa vya nguo kuliko nchi yoyote. Aliyegundua rangi alikuwa kijana wao. Mwalimu wake, Mjerumani August Wilhelm Hofmann, alikuwa akifundisha kemia London tangu mwaka 1845. Mtu angeapa kwamba kazi ya rangi haitatoka mikononi mwa nchi hiyo.

Dalili ya kwanza ilikuja kimya kimya. Mwaka 1865 Hofmann alirudi Ujerumani, alikoitwa kufundisha Berlin. Mwaka mmoja baadaye Heinrich Caro, mkemia aliyekuwa kiwandani Manchester, naye akarudi kwao, na punde akajiunga na kampuni ya BASF. Watu wawili wameondoka, basi. Nani ataitisha kikao kwa sababu hiyo? Lakini mwaka 1869, ilipokuja zamu ya alizarini, ile rangi nyekundu iliyokuwa ikitolewa kwenye mizizi ya mmea, Caro na wenzake waliwasilisha ombi la hataza London siku moja kabla ya Perkin. Kwa siku moja tu. Mwaka 1874 Perkin akauza kiwanda, akiwa na miaka 36, akarudi kwenye utafiti. Simlaumu. Ushindani ule ulihitaji wanakemia wengi, na nchi yake haikuwa imewaandaa.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1884, watia rangi na wanakemia wa nguo walianzisha chama chao mjini Bradford: Society of Dyers and Colourists, yaani Chama cha Watia Rangi na Wanarangi. Kipo hadi leo. Kilikuwa na jarida lake tangu mwanzo, na wanachama walioijua kazi: wenye viwanda, mafundi wa mabirika, walimu wa vyuo. Siwataji ili kuwadharau. Wengi wao walikuwa na ujuzi ambao mimi sina. Ndiyo maana kisa chao kinanitia hofu.

Sasa aje mtu ninayetaka umkumbuke, Raphael Meldola. Alikuwa mkemia katika kampuni iliyonunua kiwanda cha Perkin. Mwaka 1879 aligundua rangi ya buluu ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake, lakini waajiri wake hawakuifanyia kazi ipasavyo, na faida ikaenda Ujerumani. Mwaka 1885 akaacha kiwanda, akaenda kufundisha. Mwaka 1886 alisimama mbele ya wasomi na wenye viwanda London, akawaeleza wazi kwamba kazi ya rangi inawatoka. Hakuwa mtu wa pembeni anayelalamika. Alikuwa ametoka ndani ya kiwanda, na alijua anachokisema.

Walimsikia, kisha wakarudi makazini.

Mwaka 1901, katika mkutano mkubwa wa wanasayansi Glasgow, Arthur George Green, mkemia aliyeshika nafasi ya Meldola katika kampuni ileile, alisoma ripoti iliyolinganisha kazi ya rangi ya Uingereza na ya Ujerumani kwa miaka 15. Ilionyesha jinsi pengo lilivyozidi kupanuka. Ripoti ikachapishwa, wakaisoma.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watia rangi wenyewe, wale wa Bradford na Manchester, hawakupiga kelele zaidi. Nadhani jibu liko kwenye birika. Rangi ya Mjerumani ilikuwa nzuri. Bei yake ilikuwa ya kuridhisha. Ilikuja na kadi za vipande vya nguo zinazoonyesha kila kivuli cha rangi, na maelezo ya joto na vipimo. Rangi isiposhika, wakala alikuja na mkemia wake kukusaidia. Mtia rangi aliyehudumiwa hivyo angelalamika nini? Lami ilipakiwa melini kutoka Uingereza, ikarudi ikiwa rangi kwenye makopo, na kila mtu katika mnyororo ule alikuwa akipata riziki yake. Hakuna mwanachama aliyeumia siku ile, kwa hiyo onyo halikuwa na mtu wa kulibeba kutoka kikao kimoja hadi kingine.

Mwaka 1906 ulikuwa mwaka wa sherehe. Miaka 50 ya ile zambarau! Perkin alipewa cheo cha Sir, wageni wakaja kutoka nchi nyingi, Wajerumani wakiwemo, wakamsifu mzee yule kwa moyo safi. Mimi ninapousoma mwaka huo napata uchungu. Walikuwa wakisherehekea kuzaliwa kwa kazi ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa imeshahamia kwa wageni wao. Sherehe ni dalili inayodanganya sana katika vyama vyetu, kwa kuwa ukumbi ukijaa na picha zikipigwa, tunaona chama kina afya. Perkin alifariki Julai 1907, akiwa rais wa chama cha watia rangi. Aliyemfuata kwenye kiti, hadi mwaka 1910, alikuwa Meldola.

Basi kiti kilikuwa kwa mtu mwenye onyo. Na bado. Mwaka huo wa 1907 sheria ya hataza ilibadilishwa ili mgeni aliyesajili uvumbuzi Uingereza alazimike kuufanyia kazi nchini humo, lakini haikutosha kurudisha kilichopotea. Hapa ndipo ninapojifunza kitu kigumu: mwenyekiti anaweza kuwa sahihi kabisa na chama kisisogee hata hatua moja, kama wanachama hawajaona kwamba jambo ni lao.

Agosti 1914 vita vikaanza. Karibu asilimia 80 ya rangi za nguo zilizotumika Uingereza zilikuwa zikitoka Ujerumani, yaani kwa adui. Meli zikasimama. Bei zikapaa, na watia rangi wakahangaika kutafuta makopo yaliyosalia. Hata rangi za sare za kaki za jeshi zilikuwa zikitegemea Ujerumani, na maelfu ya askari wapya walifanya mazoezi wakiwa na sare za buluu kwa kuwa kaki haikutosha. Mwaka 1915 serikali ikaweka fedha na ikaundwa kampuni ya British Dyes, na mwaka 1920 ikatunga sheria ya kuzuia rangi za kigeni. Kazi ambayo Meldola alionya mwaka 1886 kwamba inawatoka, sasa ilianza kujengwa upya kwa haraka, kwa gharama kubwa, watu wakifa vitani. Tangu 1886 hadi 1914 ni miaka 28.

British Dyes ilipoundwa, Meldola aliitwa aongoze baraza la wanakemia la kuishauri kampuni hiyo mpya. Alifariki Novemba 1915.

Narudi kwetu. Katika kikao kimoja, mama mmoja wa chama chetu, mchovyaji hodari kuliko mimi, alinyoosha mkono. "Mwenyekiti," alisema, "unga wote wa rangi tunanunua duka moja, na vipimo viko kichwani mwa mtu mmoja. Duka likifungwa, na huyo akiumwa, tutachovya nini?" Nikamjibu, "Asante mama, hoja nzuri, tutaiangalia kwenye mengineyo." Nilisema kwa heshima. Tulipofika kwenye mengineyo tulizungumzia michango ya msiba, tukafunga kwa sala.

Miezi michache baadaye tulipata oda ya sare za harusi, doti 60, rangi moja. Katikati ya kazi unga wa buluu ukaisha dukani. Tukatafuta kwingine, tukapata wa jina lilelile kwenye kopo lingine, bila vipimo. Nusu ya vitambaa vilitoka kivuli tofauti. Vilipofuliwa vikachuja hadi kwenye nguo nyeupe za bibi harusi. Tulirudisha fedha, na mama yule hakuninyooshea kidole. Alikaa akasaidia kukunja vitambaa.

Nilipofungua daftari la mihtasari, hoja yake ilikuwepo, imeandikwa kwa hati nzuri. Karibu nayo hapakuwa na jina la mtu wa kuishughulikia wala tarehe. Hivyo ndivyo onyo linavyoweza kuandikwa bila kusikilizwa, na nawaomba viongozi wenzangu mfungue mihtasari yenu ya mwaka mmoja uliopita mtafute hoja za namna hiyo. Tafuta hasa ile iliyosemwa na mtu mpole, wakati kazi inakwenda vizuri na hakuna aliyekuwa na haraka nayo. Mpigie simu aliyeisema. Mwulize kama bado ana wasiwasi uleule, kisha mpe nafasi aieleze mbele ya wenzake wakiwa bado wana nguvu za kusikiliza.

Kikao chetu kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Vipimo vya rangi tano vimeshaandikwa, na nakala ziko kwa watu watatu. Duka la pili bado hatujalipata, na hilo ndilo jambo la kwanza kwenye ajenda, na mama yule ndiye atakayeliwasilisha.