Amana Haikai Mahali Pamoja

Wiki hii mama mmoja mjane wa hapa Mokambo, mpakani mwa Kongo na Zambia, alinijia na mfuko wa plastiki wenye diski tatu za marehemu mumewe, aliyekuwa akipiga picha za arusi na za matanga, akaniambia kwa unyonge, "Papa, watu wanadai picha zao, nami sijui zimo katika ipi." Ya kwanza ililia ko-ko-ko isifunguke, ya pili ilifunguka, nikakuta humo mafaili yaitwayo "Mpya", "Mpya 2" na "Mpya ya mwisho", arusi moja imenakiliwa mara nne na nyingine haimo kabisa, ya tatu waya wake ulikwisha potea. Na zote tatu, aliniambia, zilikuwa zikilala katika mtoto mmoja wa meza.

Atanena mtu kwamba marehemu alitahadhari, kwani aliyenunua diski tatu amezidi wengi wetu. Nami simlaumu, Mungu amrehemu. Lakini wingi wa vyombo si hifadhi. Ndani ya diski ya namna ile mna sahani zizungukazo, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kisomacho huelea juu yake katika nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele, hata diski ikianguka mara moja tu inaweza kuharibika isitengenezeke. Na mwizi, moto au radi ya masika haichagui kati ya vitu vilivyowekwa pamoja. Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni nyepesi: nakala ziwe 3, katika vyombo vya namna 2, na 1 ikae mbali. Sisi wa mpakani tuna jamaa Lubumbashi na jamaa Mufulira. Huko mbali kunatushindaje?

Wengine watasema intaneti imekwisha tuondolea taabu hiyo. Inafaa, sikatai; walakini kwa mtu anunuaye vifurushi vidogo vidogo, kupandisha video za arusi ni gharama kubwa, na marehemu aliyezikwa na neno lake la siri amewafungia warithi mlango.

Faida ya nakala nyingi si ya picha tu. Mwaka 1965, Lubumbashi ingali ikiitwa Elisabethville, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji ule habari za mji wenyewe, kwa niaba ya wazee waliokuwa watumishi wa majumbani mwa Wazungu. Kijitabu kile kilirudufiwa, kikapita mikononi mwa watu, hata mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian akakichapisha pamoja na tafsiri. Lau kingalibaki waraka mmoja sandukuni mwa mwenyewe, nani leo angaliyajua waliyoyaona wazee wale?

Kwa hiyo nasema wazi: ashikaye picha za watu na aandike kwenye kila faili jina la mwenyewe na mwaka wake, azifungue nakala mara kwa mara ahakikishe zinasomeka, apeleke moja nyumbani kwa ndugu, na amwambie mke au mtoto neno la siri angali hai. Apokeaye fedha za arusi za watu kisha asifanye hayo, amekula ujira wa amana asiyoitunza.