SHOKA LA KUAZIMA

Somo: 2 Wafalme 6:1-7, Kumbukumbu la Torati 19:4-6



Siku hizi vijana wengi, na hata wamama, wameanza kazi ndogo za mikono nyumbani: kigoda, kitanda, rafu ya vyombo, mpini wa jembe. Tumshukuru Mungu. Wengine wanauliza kama kazi hizi ni za kiroho. Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala (Marko 6:3). Tena Biblia inatupatia mashoka mawili ya kutufundisha.

1. Shoka la kwanza: usalama wa jirani

Katika Kumbukumbu la Torati 19, mtu anaingia msituni na jirani yake kukata kuni. Anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini, jirani anakufa. Hakuwa na chuki naye, lakini imemlazimu kukimbilia mji wa makimbilio. Angalieni: mtu amekuwa mkimbizi kwa sababu ya mpini uliolegea!

Kwa nini chuma kinachomoka? Mara nyingi mpini ulichongwa kwa mti mbichi. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, na tundu la chuma linabaki kubwa. Wengine wanatumbukiza shoka ndani ya maji ili mti uvimbe. Inakaza kwa siku moja, halafu mti unakauka tena na shoka linalegea kuliko mwanzo. Dawa ni hii: chagua mti mkavu wenye nyuzi zilizonyooka, pasua kichwa cha mpini kidogo kwa msumeno, kisha gongomea kabari ngumu iliyokauka. Kabla ya kuinua shoka, tikisa chuma kwa mkono. Kikicheza, usikate. Tena, watoto wasisimame mbele yako wala nyuma yako.

Toba ya maji ya siku moja iko hivyo pia. Jumapili tumevimba, Jumatano tumelegea. Tunahitaji kukauka vizuri katika Neno, na Kristo awe kabari yetu.

2. Shoka la pili: mali ya mwingine

Wana wa manabii waliona makao yao ni madogo. Sisi tunaoishi familia nzima katika chumba kimoja tunawaelewa. Walimwomba Elisha ruhusa, wakaenda Yordani, kila mmoja akate boriti moja. Chuma cha mmoja kikaanguka majini. Akalia, kwa sababu kilikuwa cha kuazima.

Tuangalie jinsi alivyofanya. Hakunyamaza. Hakusema kimeibiwa. Hakubadilisha njia ili asikutane na mwenye shoka. Elisha akamwuliza kilianguka wapi, naye akaonyesha mahali penyewe. Ndipo chuma kikaelea. Tena yeye mwenyewe alinyosha mkono kukichukua.

Ndugu, kuna watu wanaoimba katika kwaya moja lakini hawasalimiani kwa sababu ya randa isiyorudi, au msumeno uliorudi umekatika meno. Nenda kwa mwenye mali ukamwonyeshe mahali ilipoangukia. Kama huwezi kulipa leo, sema ukweli, mpange namna. Na wewe mwenye mali, usimdai ndugu kama adui.

Sheria ya mwazimaji ni fupi: rudisha siku uliyosema, kikiwa safi na kikavu. Msumeno upakwe mafuta kidogo usishike kutu. Patasi irudi imenolewa. Mhubiri 10:10 anafundisha kwamba chuma butu kinamaliza nguvu za mtu. Kwa nini umrudishie jirani uchovu?

3. Mti wenyewe ni wa nani?

Tangu vilima vya Buraza kule Gitega hadi hapa Muyinga tunaona mikaratusi na grevilea. Miti ile ina wenyewe. Wana wa manabii waliomba ruhusa kabla ya kukata. Ukikata mkaratusi wa Mrundi usiku ili utengeneze kitanda, utalala juu ya wizi, na kesho mama atakayetoka kutafuta kuni atapokelewa kwa hasira yako. Hatari hiyo inawafikia watoto wetu pia. Yeremia 29 aliwaambia wahamishwa wajenge, wapande, na watafute amani ya mahali walipopelekwa. Basi nunua, au omba, na panda.

Ukipata mbao ya mkaratusi, usiiweke juani. Itapasuka. Ipange kivulini, weka vijiti katikati ya mbao na mbao ili hewa ipite, na paka ncha zake rangi au oili chafu. Karibu na ncha, toboa kwanza, au gonga ncha ya msumari iwe butu kabla ya kuupigilia. Haraka inapasua mbao na inapasua ndoa.

Mwisho, tukumbuke kwamba sisi wenyewe tuko katika nchi ya kuazima, katika mwili wa kuazima, kwa siku za kuazima. Mwenyewe atauliza. Juma hili kila mmoja aangalie chini ya kitanda chake: kuna chombo gani kisicho chake? Kirudishwe kabla ya Meza ya Bwana.

Tuombe: Ee Bwana, kaza mipini yetu, noa mioyo yetu, na kilichozama kati yetu ukieleze juu. Katika jina la Yesu, Amina.

Mchungaji wenu