Watu wa Mama

 

Ndugu zangu Waislamu, mama anapofariki mtaani kwetu, kitu cha kwanza kinachoonekana ni watu. Jeneza halijatoka, uwanja umeshajaa. Wanawake wameketi mikekani mpaka nje ya mlango wa uani, na wengine wao hata watoto wa marehemu hawawajui. Huyu anauza mchicha sokoni, yule walikuwa pamoja darsani, na yule bibi wa mtaa wa pili amekuja kwa kushikwa mkono. Kila mmoja ana lake la kusema. Alinipokea nilipohamia hapa sina mtu. Alikaa na mwanangu nilipolazwa. Alinisitiri. Watoto wanasikiliza na kushangaa, kwa sababu mama yao hakuwahi kuwahadithia. Alikuwa mama wa nyumbani, mcheshi, mtu wa watu, na mambo hayo kwake hayakuwa ya kusimulia.

Kisha siku tatu zinakwisha. Turubai linakunjwa, masufuria ya kukodi yanarudishwa, na wale watu wanashika njia zao, hawaonekani tena kwenye nyumba ile. Hapo ndipo ninapotaka tusimame leo. Mama ametangulia, tumelia, tumemwombea. Wale watu wake tumewaweka wapi?

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) naye alifiwa na mama wa nyumba yake. Bi Khadija bint Khuwaylid (R.A.) alifariki Makka katika mwaka wa 10 wa utume, kiasi cha miaka 3 kabla ya Hijra, akazikwa Hajun. Walikuwa wameishi pamoja karibu miaka 25 bila Mtume kuoa mke mwingine, na watoto wake wote alizaa naye, isipokuwa Ibrahim. Tumezoea kumtaja Bi Khadija kwa mali yake na misafara yake ya biashara, na ni kweli alikuwa mwenye mali. Lakini bishara yake kubwa haikumjia kwa upande wa mali.

Abu Hurayra (R.A.) amesimulia, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Jibril alimjia Mtume akampa habari kuwa Khadija yuko njiani anakuja, amebeba chombo chenye kitoweo, au chakula, au kinywaji. Akifika, apewe salamu kutoka kwa Mola wake na kutoka kwa Jibril mwenyewe, na abashiriwe nyumba Peponi, nyumba ya lulu yenye uwazi ndani yake, isiyo na makelele wala uchovu.

Tulieni hapo kidogo. Salamu za Mola wa mbingu na ardhi zilimkuta mwanamke huyu akiwa na chombo cha chakula mikononi. Zingeweza kumkuta katika sijda, na angestahili. Zingeweza kumkuta siku aliyotoa mali yake kwa ajili ya dini, na angestahili pia. Zikamkuta anampelekea mumewe chakula. Msimulizi hakuwa na hakika ya kilichokuwamo ndani, lakini chombo chenyewe hakikusahauliwa, na mpaka leo, zaidi ya miaka 1,400, Waislamu wanakisimulia. Tena tazameni bishara ilivyokuja kwa kipimo cha kazi yake. Makelele na uchovu wa nyumba anavijua nani kuliko aliyeiendesha? Aliyeamka kabla ya wote akalala baada ya wote, aliyekuna nazi huku mtoto mgongoni, na hodi mlangoni haikatiki. Bi Khadija aliifanya nyumba yake ikawa ya kwanza kupokea Uislamu. Alimfunika Mtume alipotoka pango la Hira anatetemeka, akamtuliza. Jazaa yake ikawa nyumba ambayo ndani yake hatachoka tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiulizwa mama yako alifanya kazi gani, usijibu kwamba hakuwa na kazi. Binti wa Bi Khadija huyohuyo, Bi Fatima (R.A.), mikono yake iliumia kwa kusaga kwa jiwe. Akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume akawajia usiku, Fatima na mumewe Ali, wakiwa wameshapanda kitandani, akawafundisha waseme kabla ya kulala Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, akawaeleza kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Mama zetu wangapi waliivuta tasbihi hiyo kila usiku huku vidole bado vinanuka kitunguu! Nanyi waume mnaonisikiliza, Bi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akaeleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hilo halihitaji ufafanuzi.

Turudi kwenye kumbukumbu. Bi Aisha amesimulia jambo ambalo mke hawezi kulisema isipokuwa kwa ukweli mkubwa: kwamba hakumwonea wivu mke yeyote wa Mtume kama alivyomwonea Khadija, na wala hakuwahi kumwona. Sababu ni kwamba Mtume alikuwa akimtaja sana. Huenda akachinja kondoo, akamkatakata vipande, kisha akavipeleka kwa rafiki zake Khadija. Siku nyingine Hala, ndugu yake Khadija, alibisha hodi, na ile namna ya kuomba ruhusa ikamkumbusha Mtume namna ya Khadija, akashtuka. Na amepokea Al-Hakim habari ya bibi mmoja mtu mzima aliyekuja kwa Mtume, naye akamchangamkia, akamuuliza hali zao na walivyoishi tangu walipoachana. Alipotoka, Bi Aisha akastaajabu kwa makaribisho yale. Mtume akamfahamisha kuwa bibi huyo alikuwa akiwajia zama za Khadija, na kuyatunza mazoea mema ni katika imani.

Fikirini kiongozi huyo alikuwa na nini mabegani mwake wakati ule. Wajumbe, vita, wahyi, swala, mashauri ya watu usiku na mchana. Na katikati ya hayo anagawa nyama mafungu mafungu, huku moyoni ana orodha ya wanawake waliokuwa wakiingia na kutoka katika nyumba ya mkewe. Sisi tunaosema hatuna nafasi, tuna udhuru gani?

Niliwahi kuingia nyumba moja Tanga, baada ya msiba, watoto wamekusanyika kupanga vitu vya mama yao. Binti mkubwa alifungua kabati la jikoni akatoa bakuli, akaligeuza. Chini yake palikuwa na doa la rangi ya kucha, nyekundu. Akatoa jingine, lina herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari. Akatoa hotipoti ambayo mfuniko wake ni wa rangi nyingine kabisa. Mnajua wenyewe alama hizo ni za nini. Vilikuwa vyombo vya majirani. Na mnajua desturi yetu, kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Mama yao alikuwa anangoja apike kitu avirudishe, mauti yakamtangulia.

Kijana mmoja alikuwa ameshaanza kuviweka kwenye boksi pamoja na vingine. Nikawaambia, hivi si urithi, hivi ni amana. Kila mmoja wenu achukue chombo, atie chochote alichojaaliwa, akipeleke kwa mwenyewe kwa miguu yake, asitume mtoto. Iliwachukua siku kadhaa, kwa sababu kila mlango waliobisha walikaribishwa ndani, wakakalishwa, wakahadithiwa habari za mama yao walizokuwa hawazijui. Yule kijana wa boksi aliniambia alipewa chai na mzee mmoja asiyeona ambaye mama alikuwa akimpelekea uji kila Ramadhani, na kwamba Ramadhani inayokuja ataupeleka yeye. Ramadhani ilipofika, alipika mkewe, akapeleka yeye.

Mama yule, sidhani kama alikuwa na ufasaha wa kutoa hadithi. Lakini alikuwa akiitekeleza ile ambayo Mtume alimuusia Abu Dharr, kwamba apikapo mchuzi azidishe maji, awaangalie majirani zake. Na ile aliyowaambia wanawake wa Kiislamu, kwamba jirani asione kuwa zawadi ya jirani ni ndogo, hata ikiwa ukwato wa kondoo. Wako watu huona mama mwenye kukaa barazani na kutembelea wenzake ni mtu wa kupoteza wakati. Inategemea ulimi. Baraza la kusengenya ni moto, hilo hatulifichi. Lakini wako wanawake ambao baraza likianza kula nyama ya mtu, wao hugeuza maneno, huuliza mgonjwa wa fulani anaendeleaje, na baraza zima likainuka kwenda kumjulia hali. Anayechanganyika na watu akavumilia maudhi yao ana ujira mkubwa kuliko anayejitenga, na hilo pia tumelipokea kwa Mtume.

Sasa, mtu wa kabila la Banu Salama alimuuliza Mtume kama umebaki wema wowote wa kuwatendea wazazi wake baada ya kufa kwao. Imo katika Abu Dawud. Akajibiwa kuwa upo: kuwaombea dua, kuwatakia maghufira, kutimiza ahadi zao baada yao, kuunga udugu usiounganika ila kupitia kwao, na kuwakirimu rafiki zao. Mambo mawili ya mwanzo tunayafanya, alhamdulillahi. Matatu yaliyobaki yanataka uondoke kitini.

Ahadi za mama ni zipi? Alikuwa katika upatu na wenzake, na huenda alishapokea fungu lake na michango imebaki. Mtafuteni kijumbe, mkaulize. Ana daftari dukani, ana doti ya kanga aliyochukua kwa mkopo, alimwahidi mtoto wa jirani sare ya shule. Qur'ani, katika Suratun Nisaa aya ya 11, imeuweka mgawo wa mirathi baada ya wasia na deni, na sisi tunaanza kugombea bangili kabla hata ya kuuliza mama anadaiwa na nani. Hili linaniuma, nami nalisema waziwazi, kwa kuwa nimeona ndugu wa ziwa moja wakiacha kusalimiana kwa ajili ya pete.

Na udugu unaopita kwake: yule mdogo wake mama aliye kijijini, yule binamu mwenye maneno mengi ambaye mama pekee ndiye aliyekuwa akimvumilia. Mama alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Simu yake ya mkononi mmeipeleka wapi? Kabla ya kufuta majina yaliyomo na kumpa mtu mwingine, kaeni nayo. Majina yaliyomo humo ni ya watu wanaongoja salamu.

Abdullah bin Umar (R.A.) alikutana na bedui katika njia ya Makka, akampa punda aliyekuwa amempanda na kilemba chake kichwani. Wenzake wakaona ni kingi mno, bedui angeridhika na kidogo. Akawaeleza kuwa baba wa bedui huyo alikuwa kipenzi cha Umar, na kwamba amemsikia Mtume akisema wema ulio bora ni mtoto kuwaunga wapenzi wa baba yake. Ikiwa hayo ni kwa rafiki wa baba, na katika hadithi ya Mtume mama ametajwa mara tatu kabla ya baba kutajwa mara moja, rafiki wa mama anastahili nini kwetu?

Mwenye uwezo na afuate mwendo wa Saad bin Ubada (R.A.). Mama yake alifariki yeye hayupo. Akamuuliza Mtume kama sadaka itamfaa, akaambiwa ndiyo, akalitoa shamba lake la Mikhraf sadaka kwa ajili yake. Asiye na shamba ana mchuzi wa kuzidisha maji.

Na nyinyi ambao mama zenu wako hai, nendeni mkaulize. Muulizeni nani alimpokea alipofika hapo mtaani akiwa bibi harusi. Nani alimkanda alipojifungua. Nani alimsitiri siku alipokuwa hana. Nendeni naye mkawasalimie wakati bado yeye mwenyewe ndiye wa kubisha hodi.

Ewe Mola wetu, warehemu mama zetu waliotangulia, uwatoe katika makelele na uchovu wa dunia uwatie katika nyumba zisizo na hayo. Walio hai wape afya na utupe sisi subira na adabu mbele yao. Wapatanishe ndugu waliofarakana juu ya makaburi ya mama zao. Na wale mama waliolea watoto wa wenzao, wakafa bila kuacha mtoto wa kuwaombea, sisi hapa tuliokula vyakula vyao ndio watoto wao, tunakuomba uwasamehe. Amin.