Mti Usiojiweza na Wajibu wa Aliyeupanda

Katika misitu ya Himalaya, China, Korea na Japani, mti uitwao Cornus controversa huota ukiwa na majani ya kijani kitupu. Aina yake ya bustanini, 'Variegata', inayothaminiwa sana Uingereza, ina majani yenye kingo za rangi ya maziwa, na matawi yake hutanda ngazi juu ya ngazi, hata Waingereza wakaupachika jina la mti wa keki ya harusi. Weupe huo wa kingo umetokana na upungufu. Penye weupe hapana klorofili, na pasipo na klorofili jani halitengenezi chakula. Ndiyo maana mti huu hukua polepole kuliko wenzake wa kijani. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila, lakini hapa ila ndiyo uzuri wenyewe. Je, ni haki binadamu kuudumisha udhaifu wa kiumbe kwa kuwa tu unamfurahisha macho? Naona ni haki, ila kwa sharti moja: anayeuchagua udhaifu huo awe tayari kuubeba.

Sharti hilo linatokana na maumbile ya mti wenyewe. Mwaka 1909 mwanasayansi wa Kijerumani Erwin Baur, akichunguza pelagonia zenye majani ya kingo nyeupe, alieleza kwamba mmea wa namna hiyo ni matabaka ya seli zisizofanana yanayoishi katika mwili mmoja, mengine yana kijani na mengine hayana. Mpangilio huo haurithiwi kwa mbegu. Anayetaka mti mwingine kama huo hukata kikonyo na kukibebesha juu ya mche wa jamii yake. Hata baada ya hapo hapati kupumzika, kwa sababu tawi la kijani kitupu linaweza kuchipuka wakati wowote. Tawi hilo hushiba kuliko mengine, hukua haraka, na lisipopogolewa mapema huweza kuutawala mti mzima na kuufuta weupe wake. Bila mtu mwenye kisu, aina hii haidumu.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuharibu kazi ya Muumba. Lakini mkulima hakuuumba weupe huo. Ulijitokeza wenyewe, naye akauchagua. Isitoshe, mahindi tunayokula kila siku hayawezi kujitawanya, kwa kuwa punje zake zimefungwa ndani ya maganda zikingoja mkono wa mtu, na hakuna anayeuita ugali dhambi. Kitabu cha Mwanzo kinasema Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na Uislamu unamwita binadamu khalifa katika ardhi. Mafundisho yote mawili yanamkabidhi amana. Hayamwamuru aiache ardhi kama alivyoikuta.

Pingamizi zito zaidi ni hili: tukikubali udhaifu wa mti, tutamzuiaje anayezalisha mbwa wenye pua bapa wasioweza kupumua vizuri, kwa sababu tu sura zao zinachekesha? Tofauti ni nani anayelipa. Mbwa anasumbuka ili mwenye mbwa afurahi. Mti, kwa kadiri sayansi inavyofahamu, hausikii maumivu. Gharama ya weupe wake humwangukia mtunzaji, katika muda wake, maji yake na subira yake. Uzuri unaolipwa na anayeufaidi ni halali. Uzuri unaolipwa na kiumbe kisicho na sauti ni dhuluma, hata upambwe namna gani.

Ndiyo maana sikubaliani na anayeununua mti huu kama anavyonunua pazia, kisha akausahau. Huyo ametwaa furaha na kulikwepa deni. Jamii ya miti hii inao pia watoto wasiomhitaji mtu: Cornus volkensii huota katika misitu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya kwa nguvu zake yenyewe, bila kubebeshwa wala kupogolewa. Basi kabla ya kupanda kitu kisichojiweza, jiulize kama utakuwapo kukitunza miaka kumi ijayo. Kama huna hakika, panda mti wa kijani.