Nani Atamtaja Asiyetajwa?



Mzee mmoja wa usharika aliniuliza neno baada ya ibada, nami nimeona yafaa kulijibu hapa, maana najua si yeye peke yake anayelifikiri. Akasema: “Mchungaji, hizi fedha za TASAF wanazopewa kaya maskini, ni sadaka ya serikali ama ni haki yao? Na kama ni haki, mbona huyu amepewa, na mwingine aliye maskini kuliko yeye hakupewa?” Hayo ni maswali mawili. La kwanza ni jepesi kuliko la pili.

Kwanza na tuijue habari yenyewe. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ndio TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mwaka 2012 ilizinduliwa awamu yake ya tatu, na ndani yake Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao baadaye ulifikia kaya zaidi ya milioni moja. Mwaka 2020 kilizinduliwa kipindi chake cha pili. Hapo mwanzo ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, nayo ililipwa kila baada ya miezi miwili. Kaya yenye watoto iliongezewa, kwa sharti kwamba watoto waende shule na wadogo wapelekwe kliniki. Tena wenye nguvu walipewa kazi za muda, kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara, wapate ujira. Ruzuku hairudishwi. Isichanganywe na mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo kwa sheria hutolewa katika sehemu kumi kwa mia ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo, na mkopo hulipwa.

Basi, ni sadaka au haki? Mkumbukeni Ruthu. Aliokota masuke katika shamba la Boazi, naye alikuwa mgeni na mjane. Boazi alimtendea wema kuliko alivyopaswa, lakini masuke yenyewe hayakuwa wema wa Boazi. Torati ilikuwa imekwisha kumwagiza kila mwenye shamba asivune mpaka pembeni, bali awaachie maskini na mgeni. Kwa hiyo Ruthu alipoinama kuokota, hakuwa mwombaji; alikuwa akitwaa lililowekwa kwa ajili yake. Chini ya miguu yetu mna almasi ya Mwadui na dhahabu ya Bulyanhulu na Geita, na juu ya nchi hiyo hiyo wako watu wanaolala bila kula. Nchi ikiwaachia hao pembe ya shamba, tusiseme imewatupia makombo. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wengine husema fedha hizi zawafanya watu wavivu. Mimi nauliza, ni nani awezaye kukaa kivivu kwa fedha kama hizo? Hazimtoshi mtu kulala usingizi. Zaweza kumtosha bibi kununua daftari za mjukuu na chumvi ya nyumba, asimwuze kuku wake wa mwisho.

Sasa nalijia swali la pili. Kaya hazichaguliwi na watu wa mbali peke yao. Mkutano wa kijiji hukutanishwa, na wanakijiji wenyewe hutaja walio maskini, kitongoji kwa kitongoji. Kisha kaya zilizotajwa huulizwa maswali, na majina hurudishwa mkutanoni yathibitishwe. Njia hii ina hekima, maana jirani ajua mambo ambayo mgeni hayaoni. Mgeni akiona ng'ombe zizini atasema, huyu ni tajiri. Jirani ajua kwamba ng'ombe ni za mtu mwingine, na huyu hupata maziwa tu. Mgeni akiona nyumba ya mabati atapita. Jirani ajua kwamba mabati yalinunuliwa mwezi ule duara lilipotoa dhahabu, na tangu hapo mwenye nyumba hajarudi kutoka machimboni, na mkewe alima vibarua.

Walakini jirani ajuaye mengi ndiye pia achukiaye. Hapo ndipo penye shida, nami nitaisema kwa aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa ningali kijana katika kazi, nilihudhuria mkutano wa namna hiyo chini ya mti, katika kijiji nisichokitaja. Pembeni mwa kijiji kile alikaa bibi mmoja na mjukuu wake. Wazazi wa mtoto walikwenda machimboni wasirudi. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi, kwa kuwa miaka yote alipika kwa samadi kavu. Ninyi wasomaji wa Usukumani mwajua watu husema nini juu ya macho mekundu, tena mwajua ni wanawake wazee wangapi wameuawa katika nchi yetu kwa neno hilo. Kitongoji chake kilipofikiwa, yule akatajwa, na yule, na yule. Bibi hakutajwa. Mimi nilimjua. Nikasema moyoni, mimi si mkazi hapa, mkutano ni wa wenyeji. Nikanyamaza, na kitongoji kikapita.

Siku ile hakuna aliyesema uongo. Wote waliotajwa walikuwa maskini kweli. Hata hivyo haki haikutendeka, maana haki huharibika kwa kunyamaza pia. Jioni nilimpelekea bibi unga kidogo, naye akanishukuru sana. Hakujua kwamba nilikuwapo mkutanoni. Mwaka uliofuata mjukuu wake aliacha shule akaenda kuponda mawe ya dhahabu.

Tangu hapo nimeisoma kwa macho mengine sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea wanung'unikao, wala hawakusema chakula hakitoshi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuiangalia kazi ile, na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani. Maana yake, kama nionavyo mimi, kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa upande ule uliosahauliwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee ni hili. Fungu halitoshi kwa wote, na kwa sababu hiyo kutaja maskini ni kutoa ushahidi. Shahidi mwema hamtaji ndugu yake kwa kuwa ni ndugu, wala hamwachi adui kwa kuwa ni adui. Mkutano ukiitishwa, wazee wa kanisa na wainjilisti waende. Wasiende kuwapigania Walutheri. Wajiulize kwanza: katika kitongoji hiki ni nani asiye na mtu wa kumtaja? Mgeni aliyekuja juzi kufuata dhahabu? Mlemavu afichwaye ndani? Bibi anayeogopwa? Huyo na atajwe kwa sauti, mbele ya watu wote. Na aliyepata nafuu, Bwana amempa mazao au kazi, na aseme mwenyewe, “Sasa mpeni mwingine”. Hilo si aibu, ni heshima.

Unga niliompelekea bibi ulikwisha kwa siku chache. Neno moja chini ya mti lingaliweza kumfaa kwa miaka. Bwana na atusamehe tulionyamaza, na atupe kinywa siku nyingine.