Mkono Uliopiga Ngoma

Tarehe 20 Novemba 1969, katika mji wa Cincinnati nchini Marekani, mwimbaji James Brown na kundi lake walirekodi wimbo uitwao "Funky Drummer". Wimbo ulipokwisha kupita dakika tano, vyombo vingine vilinyamaza, na ngoma ikaendelea peke yake kwa muda wa sekunde 20 hivi. Aliyeipiga ni Clyde Stubblefield. Alilipwa ujira wa kazi yake, na jina la mtungaji likaandikwa la James Brown peke yake.

Siku ile hapana aliyedhani kuwa sekunde hizo zingegeuka mali. Lakini katika miaka ya 1980 ilienea mitambo iwezayo kunasa kipande cha sauti katika santuri kuukuu, kukikata, kukirudia bila kuchoka, na kukiongeza au kukipunguza mwendo. Watayarishaji wa muziki wakazifukua santuri za souli na fanki kama wachimbao dhahabu. Ngoma ya Stubblefield ikasikika katika "Fight the Power" ya kundi la Public Enemy mwaka 1989, kisha katika nyimbo nyingine zaidi ya 1,000. Wengi walioichezea hawakupata kulisikia jina lake.

Je, huu ni wizi? Mwaka 1991 jaji mmoja wa New York, akiamua shauri la wimbo wa rapu uliochukua kipande cha wimbo wa mtu mwingine, aliianza hukumu yake kwa ile amri ya kale ikatazayo kuiba. Tangu hapo desturi ya kuomba ruhusa na kulipa ilipata nguvu. Mimi naona jaji yule alikaza kamba mno. Hapana sanaa isiyoazima. Mshairi wa Mvita hufuata vina na mizani alivyovikuta, wala hamlipi mtu. Na mtayarishaji mwenye sikio jema huupa wimbo wa zamani wasikilizaji usiowahi kuwa nao.

Walakini mshairi huchukua njia ya wazee, hachukui ulimi wao. Mtambo huchukua mkono wenyewe: uzito wake, na kule kuchelewa kwake kidogo ambako hapana mwingine akujuaye. Hapo ndipo penye swali gumu. Mtu aliyelipwa ili apige ngoma leo, je, amelipwa pia kwa ngoma ambayo mtambo utaipiga miaka 20 baadaye? Sheria hujibu upesi: ruhusa hutoka kwa mwenye santuri na mwenye utungo. Mpiga ngoma si huyu wala si yule. Kwa hiyo mtayarishaji aweza kulipa kila senti aliyodaiwa, na mwenye mkono asipate kitu.

Wengine hata hiyo senti hawakuilipa. Katika mwaka ule ule wa 1969 kundi la The Winstons lilirekodi "Amen, Brother", na Gregory Coleman akapiga ngoma peke yake kwa sekunde zisizozidi 7. Sekunde hizo zimo katika maelfu ya nyimbo, na huko Uingereza aina nzima ya muziki ilijengwa juu yake. Coleman alifariki Atlanta mwaka 2006, fukara asiye na makao. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walichanga paundi 24,000, wakampa Richard Spencer, kiongozi wa kundi. Lilikuwa jambo jema. Ila Coleman alikuwa kaburini mwaka wa 9.

Mtu aweza kusema kuwa fedha ni jambo la kubishaniwa, na nusu ya ubishi huo ni wa haki. Jina je? Mwaka 2011 Stubblefield aliliambia gazeti la New York Times kwamba alitamani jina lake liandikwe kwenye santuri kuliko kupewa fedha. Kuliandika ni mstari mmoja tu wa wino.

Yuko aliyelijali jina hilo bila ya kushurutishwa. Mwaka 2000 Stubblefield aliugua saratani, na gharama za matibabu zikamwelemea. Mwanamuziki Prince, aliyeupenda upigaji wake, alilipa dola 90,000 hivi. Hapana mahakama iliyomwamuru, wala hakulitangaza jambo hilo. Stubblefield ndiye aliyelisimulia mwaka 2016, Prince alipokwisha kufa.